Kinyunya cha Saa Kumi

Miaka ishirini na sita, saa kumi za alfajiri,
kabla minara mitano ya kanisa haijajitenga na giza,
Vibeke alishuka ngazi na soksi zangu miguuni,
akanyoosha mkono bila salamu.
Nilimpa kinyunya, donge dogo lililowatangulia wenzake tanurini,
iliki ndani, sukari ya chengachenga juu.
Alitafuna. Akasema "chumvi," au "ongeza dakika mbili,"
au hakusema neno,
na hapo nilijua mji utakula vizuri.

Sasa kila Jumapili anajidunga.
Kalamu ya buluu, inalala jokofuni ubavuni mwa siagi yangu.
Anashika pindo la tumbo, anahesabu hadi sita kwa kunong'ona
kama mtoto aliyejificha.

Na dawa yenyewe inapikwa hapa hapa Kalundborg,
ng'ambo ya reli, katika mapipa marefu kuliko nyumba yetu,
na mpishi wake ni hamira.
Hamira! Ndugu wa huyu anayetoa povu bakulini mwangu.
Mmoja anaumua mkate,
mwenziwe amefundishwa kusuka uzi wa homoni
unaomwambia mke wangu: basi, imetosha.
Ndugu wa tumbo moja,
nami nimeoa katikati yao.

Daktari Lindegaard alituchorea mgongoni mwa bahasha:
hili tumbo, mlango wake wa chini sasa unafunguka taratibu,
kama karani wa forodha asiyependa kuharakishwa;
hili kongosho, linamwaga insulini
pale tu sukari inapobisha hodi;
hili ini, lililonona kama la bata wa Krismasi,
linaanza kutema mafuta yake.
Na huku juu, akachora duara la kichwa,
kulikuwa na redio. Imezimwa.

Vibeke alilia pale pale, juu ya kiti cha plastiki.
"Nilidhani kila mtu anayo," alisema.
"Nilidhani nanyi mnaisikia, ila mnajikaza."

Miaka ishirini na sita nimelala kando ya redio ile
na sikusikia hata wimbo mmoja.

Njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya.
Na shibe ya sindano, je, ni mwana wa nani?
Haimlevyi. Inamkalisha mezani
akimtazama samaki kama mtu anayetazama picha
ya darasa asilosoma.
Siku nyingine inamtapisha.
Siku nyingine harufu ya siagi, yaani harufu yangu,
inamgeuza mgongo kitandani,
nami naamka naoga mara ya pili, polepole,
asije akadhani nimekasirika.

Kilo ishirini na tatu zimeondoka.
Si mafuta peke yake, daktari alionya:
mwili ukibana matumizi huuza hata samani,
na misuli inatoka mlangoni pamoja na uchafu.
Ukiacha dawa, njaa inaweza kurudi na daftari la madeni.
"Kula mayai," alimwambia. "Na ubebe vizito."

Jana, saa kumi, nikasikia ngazi.
Soksi zangu zimemkunjamana vifundoni.
Mkono haukunyooka.
Alilipita tanuri, akaingia stoo,
akachuchumaa mbele ya gunia la unga, kilo ishirini na tano,
akalikumbatia, akasimama nalo.
Mishipa ya shingo ikamtoka.
"Torkild, nilikuwa napanda ngazi na hili,
kila siku, na trei ya mikate mikononi."
Akalitua. Akalinyanyua tena. Mara nane.
Jasho likachora mito katika unga wa mashavuni.

Nilisimama na kinyunya kiganjani, kinapoa.
Nikakionja mwenyewe.
Chumvi, nadhani. Sijui. Sikuwahi kujua.

"Nipe nusu," akasema. "Hapana, robo."
Akamega kipande kama ukucha wa kidole gumba,
akakitafuna muda mrefu, macho kayafumba,
kifua kinapanda na kushuka.
"Dakika mbili," akasema,
na mpaka sasa sijui
kama aliusema mkate
au alikuwa anaomba kupumua.